Kulalisha Jino Haiko Kulalisha Mutu

Mwe bote benye muko na meno, musogee hapa! Na mwe benye meno ilishaenda, musogee zaidi, juu pengine ni mi nilishikaka kichwa yenu ile siku ilitoka. Punguzeni hiyo radio, muninyweshe kidogo, kisha munyamaze. Leo nitabaambia kazi yenye nilifanya mpaka nywele ikageuka pamba, kazi yenye hakuna mutu anaifanya tena hapa Bukavu: kushika kichwa.

Musicheke. Ilikuwa kazi kabisa, na blouse nyeupe juu.

Siku ya kwanza sikuendaka kutafuta kazi. Nilikuwa nimepeleka gunia ya makala mu cuisine, jiko ya hôpital moja kubwa ya hapa, wakati inchi ilikuwa Zaïre, banaume banavaa abacost, koti bila tai, na kila mutu anaitwa citoyen. Nilikuwa kijana mwenye nguvu ya kutisha. Nilikuwa nabeba gunia mbili za makala, na mwenye makala akichoka nabeba naye juu yake. Basi, niko natua gunia, nasikia kelele kutoka ku chumba ya meno. Kelele ile ilivuka ziwa, ikafika ng'ambo, ikarudi na majibu. Mulango ikafunguka. Docta wa Kwanza akatoka, muzee mumoja muzungu na mustache kama brosse ya viatu, miwani inaning'inia ku sikio moja. Mugonjwa wake, adjudant mumoja wa jeshi, alikuwa amemupiga teke.

"Wewe wa makala!" akaniita. "Iko na mikono?"

"Ndiyo, docta. Mbili."

"Osha yote mbili. Kuya ushike kichwa ya huyu mutu."

Nikashika. Nikashika na roho yangu yote. Kisha kidogo adjudant akaanza kulia: "Docta, jino haiumi tena! Ni kichwa njo inapasuka!" Docta wa Kwanza akang'oa jino bila shida, akaniangalia tangu juu mpaka chini, akasema: "Makala, mutu mwingine atabeba." Njo vile niliingia mu médecine, kwa mulango ya cuisine.

Balinipatia jina Serre-Tête, maana yake kile kintu kinabanaka kichwa. Docta wa Kwanza alinifundisha byombo. Davier, ni koleo ya kung'olea, na kila jino iko na davier yake. Ya gego ya juu haikubali jino ya chini, bina wivu kama bibi mbili ba bwana moja. Élévateur, ni kama tournevis kidogo, inaamushaka jino mu kitanda yake mbele koleo ifike. Bouilloire, sufuria ya kuchemusha byombo byote, na ile ukiisahau ku moto, unafukuzwa mbele mayi ikauke. Halafu alinifundisha namna ya kushika: kichwa ya mugonjwa ikae ku tumbo yako, mukono moja chini ya taya, ingine ku paji ya uso.

"Na bidole, Serre-Tête?"

"Bidole mbali na meno, docta."

"Rudia."

"Mbali na meno, docta."

Nilirudiaka ile maneno kama sala, na siku yenye ilikuwa ya maana niliisahau. Ngojeni, mutaona.

Kisha balinituma Kalehe, ku dispensaire, kliniki kidogo yenye iko inaangalia ziwa. Kule mukubwa wangu alikuwa Infirmier-Chef, mukubwa wa bauguzi, mutu mufupi na sauti ndefu. Kule dawa ilikuwa inakosa mara kwa mara. Bateau, meli ya kuleta bintu, ikichelewa, dawa ya kuondoa maumivu haiko, na mugonjwa ameshakaa ku kiti. Infirmier-Chef alikuwa ananiambia: "Citoyen, ukinyamaza, mugonjwa atalia. Ongea!" Basi naongea. Nasimulia samaki nilivua mu ziwa, sambaza moja, kale kasamaki ka kidole, yenye ilikuwa nene kama mbuzi, tukaikula mutaa muzima mpaka mifupa yake tukafanyia kiyungiyo ya kuchekecha unga. Mugonjwa anafungua mudomo kwa kushangaa, Infirmier-Chef anaingiza davier, krak! Jino iko inje, mugonjwa anauliza: "Na kichwa ya ile sambaza, nani aliikula?" Pale njo nilijua mudomo yangu ni dawa.

Balinituma tena Luhwindja, kwa batu ba zaabu. Batu ba kule hawaogope jino. Mutu anashuka mu shimo ya mulima kila asubui, davier itamufanya nini? Mumoja akaja, gego yake ina tundu kama nyumba ya panya. Akafungua mudomo, tukaona ndani ya tundu kintu kinang'ara. Alikuwa amefichaka kipande ya zaabu mu jino, akasahau, akaikula juu yake bugali mwezi muzima. Jino ikatoka, jamaa yake yote ikaja kuipokea kama mutoto amezaliwa. Banasema nazidisha. Nani alikuwa pale? Mi njo nilikuwa pale.

Halafu nikarudishwa Bukavu, na sasa mufungue masikio, juu hapa njo hadithi inaanza kuuma.

Docta wa Kwanza alikuwa amerudi kwao. Mu nafasi yake balileta Docta wetu, mutoto wa Kinshasa, mwembamba, mwenye kusoma sana, mwenye Swahili ya kujifunza mu bateau. Alikuwa anatembea na bitabu chini ya kwapa kama vile mwingine anatembea na mukate. Mutu muzuri sana. Lakini Swahili yake! Siku moja aliambia mama mumoja "fungua kichwa" ku nafasi ya "fungua mudomo". Mama akafungua kitambaa ya kichwa, akangoja.

Mukubwa mwingine alikuwa Sœur wa Farmasi, mutawa mwenye kuchunga dawa. Sœur alikuwa na funguo nyingi ku mukaba mpaka akitembea unafikiri ni ng'ombe za malisho zinarudi. Bila Sœur, hata asprini haitoke.

Sasa mujue neno moja. Hapa kwetu, sindano yenye inaondoa maumivu, tunaiitaka sindano ya kulalisha. Ukienda kupasuliwa tumbo, banakulalisha. Ukienda kung'olewa jino, banalalisha jino. Neno ni ile ile moja, lakini kazi ni mbali na mbali. Ku salle d'opération, dawa inapita mu mushipa, inatembea mu damu yote, unalala muzima, kichwa mpaka kisigino. Kwa meno, dawa inaingia paka mu nyama ya karibu ya jino tu. Jino inalala, we mwenyewe uko macho, unaona kila kintu mpaka nywele ya pua ya docta. Sisi ba kazi tulijua. Batu, nani aliwaelezaka?

Asubui moja, mulango ikafunguka, mama mumoja akaingia, shavu moja kama papai. Nyuma yake bwana yake. Nyuma ya bwana yake, banaume bane banene, mikono imekunjwa tayari. Ule mama alikuwa Maman Nsimire wa Kasha, mwenye alikuwa anaongoza chorale ya parokia yao. Batu balisema akiimba Kasha, benye kulala Bagira nzima banaamuka. Ile siku sauti ilikuwa inatoka ku upande moja tu ya mudomo.

"Docta, jambo," akasema. "Nimekuja kung'olewa jino. Hawa ni bakaka yangu, bamekuja kunishika. Sindano sitaki. Ng'oa hivi hivi."

Docta akacheka kidogo. "Maman, kobanga te, usiogope. Tutakulalisha kidogo tu."

Loo! Kama angalisema "tutakuzika kidogo tu", ingalikuwa sawa. Maman akaruka, kiti ikaanguka, cuvette ya kutemea mate ikaanguka, kaka moja akaanguka juu ya cuvette. Mi, kwa mazoea ya kazi, nikakimbilia kichwa. Nikaishika, na kidole gumba ikaingia pale haikupaswa kuingia. Akaniuma! Munaona hii alama? Hapana, si ile, ile ni ya mulango. Hii hapa. Ukucha ilitoka, ingine ikaota imeangalia Kalehe.

"Kulalisha? Mi? Tena?" akalia. "Bwana yangu, bakaka yangu, banataka kuniua mara ya pili!"

Bwana yake, Papa Mweze, mutu mupole mwenye kofia mu mikono, akatuelezea. Myaka ya nyuma bibi yake alipasuliwa tumbo mahali ingine, mbali. Balimulalisha muzuri. Akaamuka mubaya. Tumbo inachoma kama makala, kumbe jeraha iko sawa. Maneno inachanganyika. Mikojo nyekundu kama divai ya misa. Kisha miguu ikakataa, akalala ku mukeka miezi na miezi. Pale kwao batu bakasema: karuho, ile sumu ya siri. Bakatafuta nani alimupatia. Bakakumbuka jirani moja alimuletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, mbele aende hôpital. Jirani muskini kidogo afukuzwe mu mutaa, juu ya sombe!

"Kisha docta moja mupita-njia akamupima," Papa Mweze akasema, "akatuambia si karuho, ni ugonjwa ya kuzaliwa nayo. Jina yake ni..." Akageukia bibi yake.

"Porphyrie," Maman Nsimire akasema, wazi kabisa, hata na lile papai mu shavu. Lile jina alikuwa amelishika kama jina ya mutoto wake. "Na akaniambia: maman, hata siku moja usikubali tena sindano ya kulalisha. Nami sikubali. Nimeenda dispensaire hii na hii na hii. Bote banasema tutalalisha, tutalalisha. Nimebakimbia bote. Sasa jino inaoza, sitafuni, siku ya ngapi sijui nakunywa paka mayi tu. Kama hamuwezi kung'oa hivi hivi, semeni niende zangu."

Docta aliposikia ile neno, kicheko yake ilitoka mu uso kama mutu amezima taa. Akakaa. Akauliza pole pole: "Maman, mikojo yako leo iko namna gani?"

Papa Mweze akajibu mbele yake. "Tangu jana inafanana chai bila maziwa, docta."

Docta akatuvuta inje, mi na Sœur wa Farmasi. Akatuelezea, na mi nitabaelezea vile nilisikia, kwa kichwa yangu yenye haikusoma. Mu ini ya mutu muko kiwanda ya kufanya ile rangi nyekundu ya damu. Mashine zinapangwa kwa mustari, hii inapokea kwa ile. Kwa batu kama Maman Nsimire, mashine moja ilizaliwa muchovu. Siku zote inafanya kazi pole pole, hakuna shida. Lakini kuko dawa fulani, kama ile ya kulalisha mutu muzima, zinaingia mu kiwanda na kupiga kelele: fanyeni kazi mbio, mbio, mbio! Mashine ile muchovu inakwama. Bintu bya nusu-nusu binajaa, binamwangika, binakuwa sumu ya ndani ku tumbo na ku mishipa ya miguu, na mikojo inapata rangi. Hata njaa inapigaka ile kelele. Hata usaha mu mwili.

"Sasa muone," Docta akasema. "Tukiacha jino, usaha na njaa vitamuangusha. Tayari vimeanza. Tukimung'oa hivi hivi na bakaka bane, maumivu na mapigano vitamuangusha. Anahitaji sindano. Naye sindano njo anakataa."

"Na kama umekosea dawa?" Sœur akauliza.

"Njo maana niko nakuangalia wewe na funguo yako, ma sœur."

Akafungua bitabu byake hapo hapo ku muzunguko wa escalier, ku ngazi. Mu kabati yetu xylocaïne ilikuwa imejaa, dawa ya kisasa ya kulalisha jino, kila mutu alikuwa anaipenda. Lakini Docta akasema, kwa ule ugonjwa, kitabu moja inaikubali, kitabu ingine inaikunjia uso. Hakupenda kumujaribia Maman Nsimire yale mabishano. Novocaïne, ile ya zamani, bitabu byote byake bilikuwa binaisalimia. Mi nilikuwa najua novocaïne tangu kwa Docta wa Kwanza, lakini nilifikiri ilishakufaka, kama myuziki ya gramophone. Sœur akatikisa funguo zake, akashuka, akarudi na boîte moja ya novocaïne, muzuri, haijapita siku yake. Aliibeba na mikono mbili, kama vile padri anabebaka bintu bya altari.

"Dawa iko," Docta akasema. "Sasa nani atamuambia?"

Akaingia, akajaribu mwenyewe. "Maman, siku ile balilalisha nini? Jino, ao wewe?"

"Mi! Mi muzima!"

Docta akajipiga ku paji ya uso. "Ah, maman! Mi sikutaka kulalisha wewe. Nilitaka kulalisha jino tu!"

"Jino iko ndani ya mi, docta," Maman Nsimire akajibu. "Ikilala, mi nabakia wapi? Nabakia naichunga?"

Bakaka bote bane bakatikisa kichwa: dada yetu anasema kweli. Hata mi nikatikisa, nikasahau niko upande gani.

 Docta akaangalia dari. Akaangalia dirisha. Kisha akaniangalia mi. Nikageuka kuangalia nyuma yangu, hakuna mutu.

"Serre-Tête," akasema, "kaa ku kiti."

Bandugu, myaka yote ile nilikuwa ku upande wa kushika. Ku kiti sikukaaka hata siku moja. Kiti ile, ukiikaa, lampe iko kama jua, davier zinakuangalia kutoka ku plateau, ile sinia ya byombo, na kichwa yako haina mwenye kuishika! Nikaita bakaka: "Munishike!" Bane bote bakanishika, na furaha sana. Docta akavunja ampoule, kale kachupa ka novocaïne, mbele ya macho ya Maman, akavuta mu sindano, akanidunga mu ufizi ya chini.

"Maman, angalia yeye. Akilala, we nenda zako Kasha, na mi nitakupeleka kwa mukono yangu."

Tukangoja. Maman Nsimire akavuta tabouret, akakaa mbele yangu, macho kwa macho, kama mutu anachunga sufuria ya maziwa. Kisha mudomo yangu ya chini ikaanza kuondoka. Ikaenda safari. Ikanenepa, ikawa kama ya mutu mwingine mwenye sikumupenda. Nikataka kusema: mi silali, maman, silali hata kidogo. Ikatoka:

"Mi fifali, mamam! Fifali hafa kifoko!"

"Anasema nini?" Maman akauliza.

"Anasema hafali," kaka mukubwa akajibu.

Papa Mweze, ule mupole, akaweka kofia ku uso. Mabega yake ikaanza kutetemeka.

"Mupatie chai," Maman akaamuru. Sœur wa Farmasi mwenyewe akaniletea chai. Nikakunywa kwa upande wa kuume, ikatokea upande wa kushoto, ikashuka mu blouse, ikafika mu kiatu. Nikasema "pardon, ma fœur", Sœur akageukia ukuta, funguo zikaanza kulia zenyewe.

Maman Nsimire hakucheka bado. Akanyoosha mukono, akashika mudomo yangu na kucha mbili, akafinya. Akafinya vile batu banafinyaka kuku mu soko ya Kadutu.

"Haikuume?"

"Haifume!"

Kisha bila kuonya, akafinya sikio.

"Aïïïï!"

"Kweli," akasema. "Hajalala." Na pale njo akacheka. Akacheka na nusu ya mudomo, akashika shavu, "aï, aï, munaniua," akacheka tena mpaka machozi. Akasimama, akanisukuma inje ya kiti kama vile ni yake tangu zamani, akakaa, akafungua mudomo. "Docta, lalisha jino. Lakini huyu papa asimame hapa mbele yangu, na aendelee kuongea hivyo hivyo."

Docta akadunga pole pole, kidogo, akangoja, akauliza, akaongeza kidogo. Mi nikashika kichwa yake, bidole mbali na meno, nikamusimulia sambaza yangu. "Fambafa moja, mamam, nene kama mbufi..." Élévateur ikaingia, davier ya gego ya chini ikafuata, Maman yuko anauliza "nani alikula kichwa?", na jino ikatoka na usaha yake yote. Hakusikia kintu. Bakaka bane balibaki na mikono mitupu. Mudogo yao hata alikasirika, alitembea kwa miguu tangu Kasha juu ya kumushika mutu, na hakushika kitu ila mi.

Muko munafikiri iliishia pale? Hapana. Kung'oa ilikuwa nusu. Nusu ingine ilikuwa kungoja, na pale hakuna mwenye alicheka. Balimulaza mu salle ya bagonjwa, bakamufungia sérum ya sukari mu mushipa. Docta akasema: huyu mama asikae njaa hata kidogo. Bengine mu hôpital banaambiwa musikule. Yeye alikuwa na amri ya kukula! Basi mi njo nilikuwa natembea na chai ya sukari, na uji, na ndizi ya kupondwa, na beignet, ile mandazi, za kuloweka. Nilimulisha vile ule mama alianza kujificha akisikia viatu byangu.

Na kulikuwa na chupa. Docta alisema mikojo ya ule ugonjwa inageukaka nyekundu ukiiacha mu jua. Basi chupa yake ilikaa ku dirisha, na kila asubui mi njo nilikuwa naiangalia. Siku ya kwanza ilikuwa chai nyeusi. Papa Mweze akaiangalia, akatoka inje, akasimama peke yake karibu ya mukingo, kofia mu mikono. Alikuwa anakumbuka ule mukeka, miezi na miezi.  Nikasimama tu pembeni yake.

Kesho yake chai imepata maziwa kidogo. Kisha salle nzima ikajua, bagonjwa banakuja kuangalia ile chupa asubui kama mechi ya football. "Leo iko namna gani?" "Inapanda division!" Mumoja mwenye mukono ya kuvunjika mu plâtre alikuwa anaamuka mbele ya Docta juu ya kutangaza. Kisha asubui moja Papa Mweze akachukua chupa, akaisimamisha mu jua, akaizungusha. Ilikuwa njano ya kawaida, njano ya batu bote.

"Bibi," akasema, "simama."

Maman Nsimire akateremusha miguu. Tukaangalia ile miguu sisi bote, hata ule wa plâtre. Akasimama. Akatembea mpaka ku mulango. Akatembea mpaka ku barrière ya mulango kubwa. Kule chorale ya Kasha ilikuwa imekuja kumuona, imezuiwa na sentinelle, ule mulinzi. Maman hakungoja bafunguliwe. Akaanzisha wimbo kutoka ndani, benye kuwa inje bakaitika, sentinelle akaacha barrière, akaanza kupiga makofi. Na mu ile chorale, mustari ya mbele, alikuwa nani? Jirani wa sombe. Amebeba sufuria ya sombe. Maman Nsimire aliikula yote mbele ya batu, akaramba kifuniko.

Tangu ile siku Docta alitukataza kusema "kulalisha" peke yake. Kila mara: kulalisha jino, ao kulalisha mutu. Na mbele ya sindano yote, mi njo nilikuwa naulizaka mugonjwa: "Dawa ya kulalisha ilishakusumbuaka? Mu jamaa yenu, iko mwenye alipoteza miguu, ao mikojo ikageuka?" Mwe batoto, musichukue dawa kwa mudomo yangu, mi ni mutu wa makala. Dawa zinabadilika, bitabu binabadilika. Kama muko na ugonjwa yenye jina ngumu, mujifunze lile jina vile Maman Nsimire alijifunza, mulitaje kwa docta mbele afungue ampoule, yeye achague. Musikimbie kila sindano, na musikubali kila sindano. Ni ile tu.

Kisha nikazeeka. Bijana bakaja na viti byenye kuinama peke yake, bikiwa na pahali ya kuwekea kichwa. Chuma njo ilininyang'anya kazi! Siku ya retraite, ya kuacha kazi, balinifanyia karamu mu cour, uwanja ya hôpital. Docta alikuwapo, tumbo imeshakuja. Sœur wa Farmasi, macho imepunguka lakini funguo zote ziko. Maman Nsimire na Papa Mweze balikuja kutoka Kasha na chorale yote, na pombe ya ndizi yetu sisi. Maman alishaletaka chupa yake ya juisi, juu pombe pia Docta alimukatazaka. Nyama iko ku moto, bugali imefunikwa, harufu inatembea.

Balinipatia neno. Nikasimama, nikaona batu bote bale nilishikaka kichwa. Nikaanza na adjudant. Nikaenda Kalehe, nikafika ku sambaza, ile siku ilikuwa imenenepa, ilikuwa kama ng'ombe. Nikaenda Luhwindja. Jua ikaanza kushuka nyuma ya milima, mi bado niko Luhwindja. Batoto banalia, bugali inapata baridi, Docta anaangalia sahani yake. Nikasema: "Na sasa, bandugu, nirudi kidogo nyuma..."

Pale njo Maman Nsimire akasimama mu katikati ya chorale, mukono moja ku tumbo, na ile sauti ya kuamusha Bagira akalia:

"Docta! Njaa itaniamushia ugonjwa! Ile sindano ya kulalisha mudomo ingali iko? Mudungeni huyu papa moja, tukule!"